Leo Hajikuni

Wiki iliyopita mliniacha mlangoni kwa daktari bingwa, mimi navuta kamba kwenda ndani, Bahasha anavuta kwenda nje, na watu waliokaa foleni na paka wao mapajani wanatutazama kama wanaangalia mechi.

Nilishinda mimi. Ushindi wenyewe msiniulize.

Kwa aliyejiunga nasi leo: mimi ni fundi makochi, na Bahasha ni mbwa wa baba yangu. Jina alipewa kwa ajili ya rangi yake, maana Baba alikuwa tarishi, na zile bahasha za kaki za ofisini alizibeba mpaka akastaafu. Rangi yenyewe siku hizi uitafute. Nusu ya mwili haina manyoya, nusu iliyobaki ina vigaga, na harufu yake ni ya tambara lililosahaulika kwenye ndoo.

Anajikuna. Akimaliza, anaanza tena. Anajikuna hadi damu itoke, kisha anaramba ile damu, kisha anakutazama kama wewe ndiye uliyemtuma.

Daktari wa kwanza alimpa vidonge. Baba alipoviona alicheka, akatoa kopo lake la dawa za viungo, dawa anazomeza tangu mama yangu yu hai, akalinganisha kidonge kwa kidonge, ni vile vile. "Kumbe tunakula sahani moja na huyu!" Mwasho ulitulia. Vidonge vilipokwisha, mwasho ukarudi na jamaa zake wote. Daktari wa pili alimnyoa tu. Wa tatu aliniita pembeni, akaniambia kwa upole kwamba bingwa naye akishindwa, kuna sindano ya mwisho. Mbwa hasikii kitu, analala tu.

Baba alikuwa nyuma yetu, na siku hiyo alikuwa na masikio.

"Mkimlaza huyo," akasema, "chimbeni shimo pana."

Basi mnajua nilichokuwa nacho mkononi pale mlangoni. Haikuwa kamba ya mbwa peke yake.

Nanyi wasomaji hamkuniacha yatima. Mmoja ameniandikia nimpake oili chafu ya gari. Mwingine ameshauri maji ya chumvi. Kuna mmoja amesema nihame nyumba. Asanteni, lakini bingwa alikuwa ameshanifunga mikono. Mara ya kwanza nilipompelekea mbwa hakumpa dawa yoyote, alinipa amri: kwa mwezi mzima Bahasha asionje dawa. Si kidonge, si sindano, si ya kupaka. Ngozi ibaki tupu, ili siku ya kipimo iseme kweli kitu gani kinamdhuru.

Mwezi mzima tulimtazama mnyama anajichana, sisi mikono mifukoni.

Mke wangu alikuwa akifungulia redio ili asisikie zile kucha. Mama mkwe wangu, ambaye anaishi nasi na hampendi mbwa hata wa kuchorwa, alisema, "Jamani, hata mfungwa hupewa maji." Baba alikaa karakana kwenye kiti chake cha dirishani, Bahasha miguuni.

Kisha mwezi ulipofika katikati, mbwa akaanza kupoa. Anajikuna kidogo, analala. Tukasema Mungu si Athumani.

Ndiyo hali tuliyokwenda nayo kwenye kipimo.

Bingwa ni mama mfupi, miwani ameipandisha kichwani na bado anaitafuta mezani.

"Ameonja dawa yoyote?"

"Hajaonja, daktari."

"Una uhakika?"

"Naapa. Kwangu hata mtu akiumwa kichwa anamezea nje."

Alitabasamu. Akamnyoa Bahasha ubavuni kipande cha ukubwa wa kitabu, akachora vidoa kwa kalamu, na chini ya kila kidoa akadunga tone dogo. Hili vumbi la nyumbani. Hili ukungu. Hili chavua ya majani. Alipofika kwenye manyoya ya kuku, pamba na sufi, aliniuliza tena kazi yangu.

"Fundi makochi."

"Mbwa anashinda wapi?"

"Karakana, na Baba."

Akainamia ubavu, akadunga. Mimi jasho likanitoka. Mtu unasaka mchawi wa mbwa, kumbe huenda ni kazi inayowalisha wote.

"Na hili la mwisho," akasema, "ndilo shahidi. Hili huvimba kwa mbwa yeyote, mzima au mgonjwa. Likivimba, najua kipimo kinasema kweli."

Tukangoja. Bahasha amelala kwa ubavu, jicho kwangu. Mimi nimeinamia vile vidoa kama mtu anayengoja mkate uumuke.

Vumbi, kimya. Ukungu, kimya. Pamba, sufi, manyoya, kimya chote.

Niliruka. "Daktari! Hana kitu! Amepona!"

Bingwa hakuruka. Alishusha miwani, akapapasa kile kidoa cha mwisho kwa kidole. Akapapasa tena.

"Hata shahidi hajavimba," akasema.

"Maana yake?"

"Maana yake ngozi hii imezibwa mdomo. Mbwa huyu anapewa dawa, tena dawa nzito, na si mara moja."

"Haiwezekani."

"Kwako kuna mtu mwenye huruma kuliko akili, fundi. Na wewe umeniapia."

Nilitamani sakafu inimeze. Watu wa paka walikuwa wanachungulia mlangoni.

Akaniandikia siku nyingine, mbali, na ni kwa hisani tu, maana wanaongoja ni wengi. Kisha akaniambia maneno ambayo nawaomba myashike, kwa sababu mimi sikuyashika.

"Nenda kamtafute huyo mtu. Ujue ni dawa gani na kaanza lini. Halafu unipigie simu leo hii, kabla hujafanya lolote. Umenielewa? Kabla hujafanya lolote."

"Nimeelewa, daktari."

Nilielewa kwa mdomo.

Nilifika nyumbani nimefura. Nikaanza na mke wangu, jikoni.

"Wewe ndiye unayempa mbwa dawa?"

"Mimi? Wewe mwenyewe ukiumwa nakusahau, nitamkumbuka mbwa?"

Hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Nikahamia sebuleni, alikokaa mama mkwe anachambua mboga. Sasa mnajua mkwe hahojiwi. Nilizunguka weee, nikaanza na afya yake, nikapitia hali ya hewa, mwisho nikatumbukia.

"Mama, samahani sana, hivi huenda, kwa bahati mbaya, ile dawa yako ya kuchua..."

Aliweka kisu chini. "Sema, mwanangu. Sema usemalo."

"Huenda uliona huruma..."

"Mimi? Mbwa ambaye simgusi hata kwa ufagio, leo nimekuwa mganga wake?" Akamwita binti yake kwa sauti ya msibani. "Njoo usikie! Mumeo ananiuliza nimeweka nini kwenye chakula!"

"Sikusema chakula, Mama."

"Leo ni cha mbwa, kesho utasema ni chako!"

Akaingia chumbani akafunga mlango. Tangu dakika ile hakunisemesha tena. Salamu zangu alizijibu kupitia kwa mke wangu.

Alibaki Baba, kitini kwake. Siku hizo alikuwa amepungua, anakula kidogo, akisimama anashika ukuta. Tulisema ni uzee, na uzee ukichanganyika na majonzi ya mbwa, ungetaka acheze ngoma?

"Baba, umemwona mtu yeyote anampa Bahasha kitu?"

Alifikiri. "Sijamwona mtu," akasema.

Nikamwamini. Baba yangu hasemi uongo.

Simu kwa bingwa sikupiga. Ningemwambia nini? Kwamba nimeiapia nyumba ambayo siijui, na hata mkosaji sijampata? Aibu ilinishika ulimi. Nikasema moyoni, kwa nini nisumbue watu? Nitaiziba mwenyewe ile njia ya dawa, na siku ya kipimo nitakwenda kifua mbele.

Nikaziba.

Nyuma ya karakana nina chumba kidogo chenye dirisha la nondo. Nilitoa sponji zote, nikatoa magunia ya pamba, nikafagia mpaka sakafu ikang'aa. Nikamwingiza Bahasha, maji na godoro lake, nikatia kufuli. Ufunguo nikauweka mfukoni mwangu, na nikatangaza kwa sauti ya mkuu wa gereza kwamba chakula nitampelekea mimi, na asiyetaka ugomvi asisogee dirishani.

Baba alikuja na fimbo yake.

"Nani atakaa naye humo?"

"Hakuna, Baba. Ndiyo dawa yake."

"Nifungulie basi nimsalimie."

"Baba, hapana."

"Nimsalimie tu. Sikai."

"Baba, nakuomba. Unataka apone au hutaki?"

Akanitazama, mtu aliyenibeba mgongoni, ananiomba ruhusa ya kuingia chumba cha sponji. Kisha akageuka. Kila siku nilimkuta amesimama dirishani, mkono mmoja ndani ya nondo, mwingine mfukoni mwa shati. Kila siku nilimshika bega nikamrudisha kitini. Naye alikubali kurudishwa, na kila siku bega lile lilikuwa jepesi zaidi.

Mbwa naye mwasho ulimrudia kwa hasira. Nilikuwa nagongelea misumari kwenye fremu, upande wa pili wa ukuta nasikia kucha, kwaru, kwaru, kwaru. Mtaniona mkatili, lakini nilifurahi. Nikajisemea, ngozi imefunguka mdomo, safari hii shahidi atavimba.

Halafu kucha zikaanza kupungua. Nikasema, amezoea.

Asubuhi ya juzi tulikuwa mezani. Baba alinyanyua kikombe cha chai, kikamponyoka. Hakukiangalia. Nikasema, "Baba, umeungua?" Hakujibu. Jasho lilikuwa linamtiririka, na mkono wake nilipoushika ulikuwa baridi kama bomba.

"Baba!"

Alijaribu kusimama. Miguu ikakataa.

Mimi na jirani mwenye gari tulimbeba juu ya kiti cha mteja, kiti ambacho nilikuwa sijakivika kitambaa, mbao na kamba tupu. Mke wangu alikimbia mbele kufungua milango. Mama mkwe alibaki nyumbani, amejishika kichwa. Kabla sijaingia garini nilisukuma sahani ya Bahasha ndani ya mlango, nikafunga haraka. Sikumtazama.

Hospitali walimpokea mbio. Daktari wa zamu alimpima presha, akapima tena, uso ukabadilika.

"Mzee anatumia dawa gani?"

"Za viungo," nikasema. "Miaka mingi."

"Zipi?"

Mke wangu alikuwa amechukua kopo. Daktari akasoma, akalifungua. Lilikuwa tupu.

"Zimekwisha lini?"

"Hazijaisha!" mke wangu akasema. "Tumemchukulia juzi juzi tu. Kila asubuhi anafungua kopo mbele yetu."

"Kufungua na kumeza ni vitu viwili, mama."

Muuguzi alikuwa anamvua Baba shati ili amwekee dripu. Mfukoni akatoa leso iliyofungwa fundo. Akaifungua juu ya meza ndogo ya kitandani.

Vidonge. Vidogo, vyeupe, vingi. Vingine vizima, vingine vimekatwa nusu, na kila kimoja kimebandikwa kwenye kipande cha mkate kilichokauka, kimekandwa vizuri kwa vidole, saizi ya kumezwa na mbwa bila kutafuna.

Mke wangu alinitazama, nami nilijua jina la mama yake liko njiani linakuja.

Baba alifumbua macho, akaiona leso.

"Msizitupe," akasema, sauti ya upepo. "Za mwenzangu hizo."

"Baba, tangu lini?"

"Yeye hajui kusema inaniwasha." Akapumzika. "Mimi najua kuvumilia."

Nilikumbuka jibu lake. Sijamwona mtu. Hakuniongopea. Nani aliyewahi kujiona?

Nilikaa chini. Niwaeleze nilichohisi? Nilitaka kumgombeza, nikataka kumkumbatia, na vyote viwili nilikuwa nimechelewa. Mzee wa watu alikuwa ameacha viungo vyake viungue ili mbwa alale. Nami nilipomfungia mbwa, hakuvirudisha vidonge kinywani mwake. Aliendelea kumwekea, kila siku chake, akingoja nichoke kulinda dirisha.

Daktari alinivuta pembeni.

"Nisikilize. Dawa hii mwili ukishaizoea haikatwi ghafla. Mwili wenyewe hutengeneza kitu cha namna hiyo, lakini ukiletewa kila siku unaacha kutengeneza, unasahau. Sasa ukikata ghafla, yule mtu anabaki hana ya kwake, hana ya kuletewa. Presha inashuka, nguvu zinakwisha, hataki chakula. Mwishoni anatulia tuli. Ndugu wengi hapo ndipo wanapochelewa, wanadhani amepumzika."

"Na akicheleweshwa?"

Alirekebisha mrija wa dripu. "Tumempa kwa mshipa. Tuombe Mungu, tungoje."

Tukangoja. Mke wangu alikaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande mwingine. Dripu inadondoka. Hakuna kazi ya mikono pale, na mimi bila kazi ya mikono ni mtu bure. Nilinyoosha shuka lililonyooka. Nikalinyoosha tena.

"Utamwomba mama radhi," mke wangu akasema bila kunitazama.

"Nitamwomba."

"Leo."

"Leo. Nitamwambia nimejua mwenye kumpa mbwa dawa, nitamwambia..."

Nikaliachia shuka.

Haikatwi ghafla.

Sahani moja. Baba mwenyewe alisema, kidonge kwa kidonge, tunakula sahani moja na huyu. Baba aliacha kumeza, Bahasha akameza kwa niaba yake. Baba alikatiwa na Baba mwenyewe. Na Bahasha nani alimkatia?

Kabla hujafanya lolote, bingwa alisema. Umenielewa?

Nilisimama, nikatia mkono mfukoni kutafuta simu. Kitu cha kwanza kilichonijia mkononi kilikuwa ufunguo.

Nilipiga nyumbani. Iliita mpaka nikadhani mama mkwe ameona jina langu akaiacha. Kisha akapokea, na wala hakuwa na kinyongo. Msiba ukipita karibu, watu husameheana.

"Mzee vipi, mwanangu?"

"Wanamhangaikia, Mama. Mama, nakuomba, nisamehe kwanza. Halafu nenda dirishani kwenye kile chumba, uniangalizie mbwa."

"Mbwa? Saa hizi?"

"Mama, tafadhali."

Nilisikia ndala zake zikikokota kupita karakana. Nikasikia anagusa nondo. Nikasikia anaita, yeye ambaye hajawahi kulitaja lile jina, "Bahasha! We Bahasha!" Kisha kimya. Kisha akarudi kwenye simu, sauti imechangamka, sauti ya mtu aliyepata zawadi ya kumpelekea mgonjwa.

"Mwambie mzee atulize moyo. Leo hajikuni!"

"Anafanya nini, Mama?"

"Amelala tu. Chakula hata hajakigusa. Ametulia tuli, ngozi imepumzika, nimemwita hata sikio halichezi. Tangu asubuhi sijasikia kucha. Amepona, mwanangu! Nami niliyemsema vibaya, looh. Mwambie mzee, amepona!"

Nyumba iko mbali, kufuli ni imara, niliinunua mwenyewe nikachagua iliyo imara kuliko zote. Ufunguo ulikuwa umenibana kiganjani.

Nyuma yangu kitanda kikalia. Baba alikuwa ameinua kichwa, kwa mara ya kwanza tangu tufike, na macho yake yalikuwa kwenye simu.

"Unaongea na nyumbani?" akauliza. "Mwenzangu hajambo?"